Pikipiki ya Msafara wa Zubaida

Pikipiki ilizimika sokoni Kalerwe, Kampala, katikati ya barabara, mbele ya nyanya na matoke, tena mbele ya kibanda cha Adoch mwenyewe. Ingekuwa boda nyingine yoyote, nani angegeuka? Lakini hii ilikuwa pikipiki ya mzee Oyat: nyeusi, ndefu, nzito, ya Kiingereza, ya zamani kuliko wengi waliosimama kuikodolea macho, na imeng'arishwa mpaka ungeweza kunyolea ndevu kwenye tangi lake. Juu yake ameketi mzee Oyat, polisi mstaafu, mgongo umenyooka, anajifanya kwamba amesimama pale kwa kupenda kwake.

"Adoch!" alimwita binti yake bila kugeuza shingo. "Njoo kidogo."

Adoch aliacha boda aliyokuwa akiifungua, akafuta mikono kwenye ovaroli, akavuka barabara akipunga mkono kuyazuia magari.

"Baba, imezima?"

"Haijazima. Imepumzika."

Nyuma yake honi zilikuwa zinapasua masikio. Mama mmoja muuza nyanya akapaza sauti, "Bambi, maskini mzee, shuka tukusukume!" Soko zima likacheka. Wangila, Mkenya wa Bungoma anayeuza vipuri kibanda cha pili kutoka kwa Adoch, alikuja mbio akashika nyuma ya pikipiki, Adoch akashika usukani, na mzee akabaki juu yake vile vile, anasukumwa kama bwana harusi, anaitikia salamu za watu kushoto na kulia. Adoch alikuwa anacheka, ila kichwani alikuwa anahesabu siku. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na harusi ni Jumamosi.

Umjue Adoch kwanza. Alizaliwa kwenye nyumba za polisi kule Naguru, mlango kwa mlango, mahali ambapo Mwacholi, mtu wa Lango, Mteso na kila aliyeletwa na kazi walisikilizana kwa Kiswahili, na asiyekijua alijifunza kwa kutukanwa. Kuamka mapema alifundishwa na baba yake. Umeme alijifundisha mwenyewe, kwa kubomoa redio ya nyumbani siku ya mpira, na kipigo alichopata bado anakisimulia mpaka anatoka machozi ya kicheko. Leo ni mama wa watoto wawili, mume wake Okidi ni mwanajeshi asiyekaa nyumbani miezi miwili mfululizo, na yeye ni fundi wa waya. Si fundi wa injini, usimkosee heshima. Ya injini mpelekee mwingine. Lakini taa ikigoma, honi ikilia peke yake, pikipiki ikizima kwenye mvua, madereva wa boda wanaambiana: mtafute Adoch, yule wa Kalerwe mwenye domo.

Na domo analo kweli. "Mmeiosha tena kwa maji ya pampu, eh? Mnadhani ni mbwa?" Ndivyo anavyowapokea wateja. Maana miaka yote ya kazi yake imemfundisha jambo moja: ugonjwa wa umeme wa pikipiki Kampala ni uchafu. Ni matope yaliyoingia kwenye swichi, maji yaliyolala kwenye kiungio cha waya, kutu iliyokula kichwa cha betri. Tafuta uchafu, utapata ugonjwa.

Pikipiki moja tu hakuwahi kuigusa, nayo ilikuwa ya baba yake. Mzee Oyat na mwenzake Otema walikuwa waendesha pikipiki wa polisi wa kutangulia misafara enzi hizo. Walipostaafu, Oyat alikuwa na pikipiki hii ya zamani, na wawili hao waliitunza kama mtoto wa uzeeni. Msichana yeyote wa pale kambini akiolewa, mmoja wao alitangulia mbele ya magari, taa imewashwa mchana, honi inalia, magari mengine yanakaa pembeni. Watoto wa maofisa na watoto wa makonstebo, Wakristo na Waislamu, hakuna aliyeachwa. Nao walishindana nani anatangulia vizuri zaidi, wakinuniana hata wiki nzima.

Otema alifariki mwaka juzi. Alimwacha mke wake Alum na binti mmoja tu, Zubaida, ambaye alikuwa bado hajaolewa. Kule hospitali alimshika Oyat mkono akamwambia, "Huyu wangu umtangulie wewe. Usije ukamwachia kijana na gari la kukodi." Oyat akajibu, "Nitamtangulia." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Adoch alikuwepo, amesimama na chupa ya uji mkononi, na tangu siku ile alijua kwamba baba yake anaishi akiisubiri harusi hiyo.

Sasa harusi imefika, na pikipiki imelala mbele ya kibanda.

"Fungua," mzee alisema hatimaye, kwa taabu, kama mtu anayevuliwa shati hadharani. "Lakini usikwaruze. Umeiona rangi?"

Nani asingeiona? Kwa ajili ya Zubaida mzee alikuwa ameibomoa pikipiki nzima kwa mikono yake, ameichukua fremu tupu akaipaka rangi nyeusi mara tatu, kila mara akisubiri ikauke kabisa, kisha akaifunga tena nati moja moja. Huyo ni mtu wa kambi. Kambini mkaguzi akitangazwa, hata mawe ya njiani yanapakwa chokaa, hata mapipa ya taka, hata mashina ya miti, na ole wake atakayeacha doa.

Adoch akapiga kiki. Pikipiki ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri kabisa.

"Si nimekwambia?" mzee akasema. "Ilipumzika."

Akapanda, akaondoka kifua mbele. Alifika karibu na mzunguko wa barabara tu, ikazima tena. Safari hii hakuita. Adoch alimwona kwa mbali akishuka polepole, akaweka mkono juu ya tangi, akainamisha kichwa.

Ijumaa asubuhi hakufungua kibanda. Alipanda Naguru na mfuko wake wa vifaa, na Wangila akamfuata nyuma na betri mpya mabegani, kwa kuwa Wangila hawezi kuvumilia jambo litokee mahali asipokuwepo. Pikipiki ilikuwa uani, imesimamishwa juu ya gunia safi. Mzee alileta kiti akakaa karibu, mikono magotini, anatazama kila kidole cha binti yake kinakokwenda.

Adoch alianza pale alipozoea kuanza, kwenye uchafu. Alifungua kiungio cha kwanza cha waya. Safi. Cha pili, safi. Akafungua swichi ya taa, akatazama ndani kwa tochi, akakuta shaba inameta kama imetoka dukani. Vichwa vya betri vilikuwa vimesuguliwa. Hata waya zenyewe, jamani, mzee alikuwa amezifuta kwa kitambaa chenye sabuni.

"Baba, humu ndani ni safi kuliko jikoni kwangu."

"Jikoni kwako napajua," mzee akajibu. Wangila akacheka mpaka akakaa chini.

Basi Adoch akachukua taa yake ya kupimia. Ni kitu kidogo tu, balbu yenye waya mbili, mmoja una kibano na mwingine una ncha kama sindano. Kibano akakibana kwenye kichwa cha betri, na ncha akaenda nayo akidunga sehemu moja baada ya nyingine, kama muuguzi anayepita wodini. Kwenye fyuzi balbu iliwaka. Kwenye swichi iliwaka. Kwenye koili, honi, taa ya mbele, taa ya nyuma, kote iliwaka safi. Umeme ulikuwa unafika kila mahali ulipotakiwa kufika. Akarudia tangu mwanzo, akijiambia kwamba ameruka kitu. Hakuruka chochote.

"Labda ni betri," akasema Wangila, akiisogeza ile yake kwa matumaini.

Wakaweka betri mpya. Pikipiki ikawaka, ikanguruma, uso wa mzee ukafunguka. Adoch akawasha taa ya mbele, injini ikasita. Akabonyeza honi, honi ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa, taa ikafifia, injini ikakohoa na kuzima.

Mzee alisimama akaingia ndani, na wakamsikia huko anavuta kiti. Adoch alibaki anaitazama pikipiki kwa hasira. Alikuwa ameifungua pikipiki ya baba yake kwa mara ya kwanza maishani, na kesho Zubaida angetanguliwa na kijana na gari la kukodi.

"Pole, dada," Wangila alisema taratibu. "Nimpigie simu binamu yangu? Ana pikipiki mpya, nyekundu."

"Wewe Wangila, nyamaza nifikirie."

Akafikiria kwa sauti, ndivyo alivyozoea, akitembea kuizunguka pikipiki. Taa ikiwa peke yake, inawaka vizuri. Honi peke yake, inalia. Injini peke yake, inanguruma. Vikikutana ndipo vinaanza kunyang'anyana. Betri imejaa. Waya ni nzima. Sasa vinanyang'anyana nini?

Akasimama ghafla.

"Mimi mjinga," akasema. "Mimi mjinga kabisa! Nimepima kwenda, sijapima kurudi."

"Kurudi wapi?" aliuliza Wangila.

"Nyumbani! Kwenye betri. Unadhani umeme ni maji ya bomba, ukishafika unamwagika umekwisha? Ni lazima urudi. Unakwenda kwa waya, unarudi kupitia chuma chenyewe, fremu na injini, mpaka kwenye waya wa athi, huu hapa uliofungwa kwa bolti chini ya kiti. Na mimi kibano changu nimekiweka kwenye betri yenyewe tangu asubuhi! Nimesimama mlangoni kwake, halafu nauliza kama njia ya kurudi ipo."

Alikuwa tayari amepiga magoti. Akakitoa kibano kwenye betri akakibana kwenye pezi la kupoozea injini, pale penye alumini tupu isiyopakwa kitu, akadunga ncha kwenye fyuzi. Balbu ikawaka nyekundu, hafifu, kama kaa la mkaa linalokufa. Akachukua kipande cha waya mnene, akaunganisha betri na injini moja kwa moja kwa mkono wake, akamwambia Wangila apige kiki, awashe taa, abonyeze honi. Injini ikanguruma. Taa ikawaka mpaka Wangila akafumba macho. Honi ikapiga kelele iliyofanya mbwa wa jirani waanze kubweka na mtoto mmoja kulia.

Mzee Oyat akatoka ndani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Umeipata?"

"Nimeipata." Adoch akasimama. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka miguu haitulii, lakini aliyaona macho ya baba yake, akajua sasa ndiyo kazi imeanza. "Baba, ni rangi."

"Rangi gani?"

"Rangi yako. Umeipaka kila mahali, hata chini ya bolti ya athi, hata pale injini inaposhikana na fremu. Rangi haipitishi umeme. Mara tatu umepaka, Baba! Kilichokuwa kinapita ni kidogo tu kwenye meno ya bolti, barabara ikitikisa kinakatika. Mimi nimezoea pikipiki zinazouawa na uchafu. Hii imeuawa na usafi."

Wangila aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Mzee hakucheka hata kidogo. Alitazama fremu yake kutoka mbele mpaka nyuma.

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Msasa. Chini ya bolti tu, mpaka chuma kionekane."

"Hakuna."

"Baba..."

"Nimesema hakuna! Rangi imekaa hivyo, wewe unataka kuikwangua kesho ni harusi? Otema angesema nini? Utafute njia nyingine huo umeme wako."

Adoch alimjua baba yake. Kubishana naye ni kujichosha bure. Alichukua waya mwekundu mrefu kutoka mfukoni, akaufunga kutoka kwenye betri, ukashuka ubavuni, ukapita juu ya rangi ile nyeusi inayong'aa, ukafika kwenye injini, na ncha yake akaikaza kwa kamba ya mpira. Akasimama pembeni.

"Haya. Njia nyingine ndiyo hii. Itawaka vizuri tu."

Mzee akautazama ule waya unaning'inia. Akazunguka upande wa pili, akarudi, akautazama tena. Uso wake ulikunjamana kama mtu aliyeuma ndimu.

"Hii ni nini? Kamba ya mbuzi? Niende mbele ya watu na kitu kama hiki?"

"Chagua wewe, afande."

Mzee alinung'unika kwa Kiacholi maneno ambayo Wangila aliomba atafsiriwe na Adoch akakataa. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete msasa. Si wewe. Nitakwangua mwenyewe."

Na kweli alikwangua mwenyewe. Alivaa miwani, akalala ubavu juu ya gunia, mzee wa miaka sabini na nne, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akikwangua mahali padogo pasipozidi ukucha, huku Adoch amechuchumaa anamshikia tochi. Kila baada ya muda anauliza, "Inatosha?" na Adoch anasema, "Bado." Bolti ya athi, kisha za kushikilia injini, kisha ya taa ya mbele. Mahali pa mwisho hakuuliza tena. Aliendelea kusugua mpaka chuma kikawa cheupe, akapuliza vumbi, akapaka grisi kidogo kama Adoch alivyomwelekeza, akafunga. Jua lilikuwa bado juu alipoizunguka kambi mara mbili, honi inalia, watoto wanakimbia nyuma yake, na Alum akatoka mlangoni kwake na mwiko mkononi kumwangalia.

Jumamosi, Zubaida alipokwisha kufungishwa ndoa, msafara ulitoka Naguru. Mzee alivaa koti lake la zamani lililobana tumboni na glovu nyeupe. Adoch alikaa gari la pili katika gauni lake la gomesi, la kijani, na koleo ndani ya mkoba, maana moyo wake haukumwamini mtu wala bolti. Kila mzee alipobonyeza honi alishika mlango. Walipofika Kalerwe magari yalikuwa yamefungamana, na Adoch akasema kimoyomoyo, usizime hapa, nakuomba, popote lakini si hapa. Mzee akanyoosha mkono mmoja wenye glovu, taratibu, kama enzi zake, na usiamini ukitaka, lori la ndizi likasimama. Basi likasimama. Boda zikajibana ukingoni. Mama wa nyanya akaanza vigelegele, soko likamfuata, na ndani ya gari la kwanza Zubaida akaonekana anafuta macho na kucheka kwa pamoja. Pikipiki ikapita katikati, taa inawaka mchana kweupe. Mpaka Kasubi kwa bwana harusi haikukohoa hata mara moja.

Walipofika langoni mzee alizima injini mwenyewe, akashuka, akavua glovu. Hapo watu wa kambi wakajipanga, na wageni wakajipanga kwa kuwaona wao. Desturi yao ni kwamba aliyetangulia msafara akifika, humwendea baba wa bibi harusi, husimama wima, hupiga saluti na kutoa taarifa, na baba huipokea. Bila hivyo msafara haujafika. Na baba wa Zubaida hakuwepo. Mjomba mmoja akaanza kusogea mbele akifunga vifungo vya koti.

Mzee Oyat akampita. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Alum, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na tasbihi yake imezungushwa mkononi. Maisha yake yote, katika kila harusi ya kambini, Alum alikuwa jikoni wakati huo wa taarifa. Mzee akagonga visigino, akapiga saluti.

"Afande Alum! Msafara wa Zubaida binti Otema umefika salama. Hakuna aliyeachwa njiani."

Alum alitazama kushoto, akatazama kulia, hakuona wa kumsaidia. Kisha akaweka mkoba chini, akanyoosha mgongo, akapandisha mkono wake wenye tasbihi mpaka kwenye paji la uso.

"Nimepokea, afande," akasema, na sauti haikumwangusha. "Mwenzako amesikia. Sasa shusha mkono, ingia ndani ule."

Vigelegele vikapasuka. Adoch alijikuta analia mbele za watu katika gomesi yake nzuri, koleo bado ndani ya mkoba, na Wangila, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwalika, alikuwa anampa kitambaa. Mzee Oyat akashusha mkono, akamshika Alum kiwiko, wakaingia kula.